Wiki ya tatu ya matone, na jicho la mume wangu bado jeupe

Shikamoo Bibi,

Naomba usitaje jina langu wala la kijiji chetu. Tunaishi bonde la Kilombero. Mume wangu analima miwa, mimi nauza vitafunwa asubuhi, tuna watoto watatu na tunaishi na mama mkwe.

Mwezi wa saba, wakati wa kukata miwa, jani lilimchapa mume wangu jicho la kulia. Alirudi jioni jicho linachuruzika machozi, akasema ni mchubuko tu, utaisha. Asubuhi likaamka jekundu. Kwenye sanduku langu kulikuwa na kichupa cha matone kilichobaki tangu ule ugonjwa wa macho mekundu ulipozuka Dar es Salaam mwanzoni mwa 2024. Dada yangu ndiye aliyekuja nacho. Nikamwekea. Bibi, jicho lilitulia! Wekundu ukapungua, maumivu yakapoa, akarudi shambani. Nikaendelea kumwekea siku sita. Siku ya saba akaamka hawezi kuvumilia hata mwanga wa dirishani, na juu ya kioo cha jicho kuna doa jeupe kama punje ya mchele.

Zahanati walitupa mafuta ya jicho. Hospitali ya wilaya wakatoa matone ya siprofloksasini, siku kumi, jicho halikusikia dawa. Doa likatanuka, kando zake zikawa kama manyoya. Ndipo tukapewa rufaa. Kule mjini daktari alimtia ganzi ya matone, akalikwangua lile doa, wakaenda kuangalia kwenye hadubini. Wakarudi wakasema ni fangasi.

Dawa tuliyopewa inaitwa natamaisini. Duka la hapa kwetu hawana. Chupa mbili za kwanza tulizipata kwa kuuza mbuzi. Siku mbili za mwanzo tulimwekea kila saa, mchana na usiku, kisha kila saa akiwa macho. Leo ni wiki ya tatu. Doa bado jeupe, tena naona kama limezidi kuwa jeupe. Mume wangu amekata tamaa. Juzi alikitikisa kichupa, akakitazama, akasema, "Hii ni chokaa tu wanatuuzia." Jana alikataa matone tangu saa nane mchana mpaka alipolala.

Mama mkwe anasema marehemu baba mkwe aliwahi kupona jicho kwa majani yaliyotwangwa na maziwa ya mzazi, na Jumamosi anataka twende kwa mganga ng'ambo ya mto. Shemeji yuko Morogoro, anasema jicho lililooza hutolewa, au tuuze shamba mume wangu akabadilishiwe kioo India. Kila mtu ana lake. Je, dawa hii inafanya kazi? Tuache? Na watoto wanaolala na baba yao, hawataambukizwa?

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Daktari wa rufaa aliuliza, "Kabla ya hapa mliweka dawa gani?" Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikajibu, hakuna. Niliporudi nyumbani nikalisoma boksi la kile kichupa, limeandikwa Dexamethasone. Mtoto wa jirani anayesoma sekondari akatafuta kwenye simu, akaniambia haifai kwa fangasi. Bibi, ni mimi niliyemtia mume wangu upofu?

Mke mwenye hofu, Kilombero

*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nitaanzia pale ulipoishia, kwa sababu nadhani hilo ndilo linalokunyima usingizi kuliko doa lenyewe.

Deksamethasoni ni dawa ya jamii ya steroidi. Kazi yake ni kuutuliza mwili. Jicho linapokuwa jekundu na kuuma, maana yake askari wa mwili wamefika vitani. Steroidi inawaambia wakae chini. Wekundu unaondoka, maumivu yanapoa, mtu anarudi shambani akimshukuru Mungu. Lakini fangasi walioingia na jani hakuna aliyewaambia wakae chini. Wanabaki peke yao ndani ya kioo cha jicho, wanatambaa bila kuzuiwa. Ndiyo maana siku zile sita zilikuwa nzuri, na ya saba ikawa kama ulivyoiona.

Sitakudanganya kwamba kile kichupa hakikuchangia. Kilichangia. Hata hivyo, kilicholeta ugonjwa ni jani la muwa. Kwenye majani, mabua na udongo wa shambani ndiko wanakoishi fangasi hawa, hasa aina ziitwazo Fusarium na Aspergillus, na kioo cha jicho kikishachanwa, hata mkwaruzo usioonekana, mlango umefunguka. Fangasi wangeweza kuingia na kuota hata kama sanduku lako lingekuwa tupu. Ulichofanya ni kuchukua dawa iliyoandikwa ya macho ukaiweka kwenye jicho la mtu unayempenda.

Nikuambie jambo langu. Nilifanya kazi wodi ya macho miaka mingi, na nilipokuwa muuguzi mchanga, kwenye kituo ambacho sitakitaja, nilimkabidhi kijana wa mashamba ya mpunga kichupa cha namna hiyohiyo. Kwenye karatasi yake ilikuwa imeandikwa hivyo na mkubwa wangu, nami sikuuliza. Alirudi baada ya wiki tatu. Jicho lake liliondolewa. Mimi nilikuwa na cheti ukutani, mwanangu, wewe ulikuwa na boksi la Kiingereza na taa ya chemli. Tangu siku ile sijawahi kumkabidhi mtu matone bila kusoma jina dogo lililo chini ya jina kubwa. Na hilo nawaomba wote wanaosoma hapa: jicho likichubuliwa na jani, mti au udongo, tone lolote ambalo boksi lake lina neno linaloanza na dexa, predni au betametha lisiguse jicho hilo mpaka daktari wa macho aliangalie kwa taa yake. Hata kama boksi hilohilo linataja na dawa ya kuua bakteria, kwa maana mara nyingi huchanganywa chupa moja.

Sasa hili la kusema "hakuna". Hapo nakushika mkono na sikuachi. Wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kinachofichwa ni habari ambayo daktari anaihitaji ili aamue. Jicho lililopitia steroidi huwa na fangasi walioingia ndani zaidi kuliko wanavyoonekana kwa juu. Steroidi ikitumika muda mrefu huweza pia kupandisha presha ya jicho, na presha hiyo hupimwa. Halafu kichupa kilichofunguliwa mwaka 2024 kikakaa sandukuni huenda kilibeba bakteria wake, kwa hiyo daktari anaweza kutaka kukwangua tena aone kama fangasi wamepata wenzao. Asipojua haya atadhani dawa imeshindwa, kumbe mwanzo wa safari ulikuwa tofauti na alivyoambiwa.

Kama mbele ya mama mkwe ni vigumu, mwite muuguzi pembeni wakati mume wako anatiwa matone ya kupimia. Mwambie: "Daktari alipouliza mara ya kwanza sikusema. Kabla ya kuja huku nilimwekea matone haya siku sita," kisha umkabidhi boksi. Inatosha. Hakuna muuguzi wa macho ambaye hajasikia maneno hayo, na mwenye moyo atakushukuru. Mume wako utamwambia lini, na kwa namna gani, hilo ni lako. Mimi ningemwambia mwenyewe, kabla hajalisikia kwa mtoto wa jirani.

Niende kwenye swali ulilouliza waziwazi. Dawa inafanya kazi?

Kioo cha jicho, ambacho madaktari wanakiita konea, unene wake ni kama nusu milimita, na hakina mishipa ya damu. Ndiyo maana kinapitisha mwanga. Lakini ndiyo maana pia askari wa mwili wanakifikia kwa taabu, na vidonge vinavyopita kwenye damu vinakifikia kidogo sana. Fangasi wakiingia humo wanapeleka nyuzi kati ya tabaka na tabaka, kama mizizi ya ukoka inavyotambaa chini ya ardhi. Bakteria mara nyingi hupigwa kwa siku chache. Ukoka, we mke wa mkulima, unajua unavyong'olewa.

Natamaisini ni dawa nzito. Ni ungaunga ulioelea kwenye maji, na ndiyo maana kichupa kinatikiswa kila mara kabla ya kudondosha. Mume wako aliposema ni chokaa hakuwa mbali: ni nyeupe, na ule unga hubaki umeganda juu ya kidonda. Wewe unayemwangalia kwa tochi unaona jeupe limezidi, kumbe sehemu ya weupe huo ni dawa yenyewe imekaa mahali pake. Nimewaona ndugu wengi wakiacha tiba kwa kuogopa weupe ambao ungefutika kwa pamba ya daktari.

Uzito huo ndio udhaifu wake pia, kwa sababu haizami ndani sana. Kwa hiyo hutiwa mara nyingi ili juu ya kidonda pasikauke dawa, na daktari hukwangua tabaka lililokufa ili ipate njia. Saa sita za jana, tangu saa nane mchana mpaka usiku, ni matone sita ambayo fangasi hawakuyaonja. Usimgombeze kwa hilo. Mwoneshe tu.

Na mwambie kwamba hii haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kusini mwa India, ambako wakulima wanapigwa macho na mabua kama kwetu, wagonjwa 323 waligawanywa wengine wakatiwa natamaisini, wengine vorikonazoli, dawa mpya zaidi na ghali zaidi. Matokeo yalitoka mwaka 2013: waliotiwa natamaisini waliona vizuri zaidi na jicho lilitoboka kwa wachache zaidi, hasa wale wenye Fusarium. Mwaka 2016 yakatoka matokeo ya India na Nepal kuhusu kuongeza vidonge vya vorikonazoli juu ya matone. Kwa jumla havikusaidia zaidi. Mwaka 2022 Nepal ikatoa mengine, wagonjwa 354, natamaisini ikalinganishwa na matone ya klorheksidini ambayo ni rahisi kutengeneza. Natamaisini ikashinda tena. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Kwamba mpaka leo mke wa mkulima wa Kilombero anauza mbuzi ili aipate, hilo linaniuma, na sitaacha kulisema.

Wale wagonjwa wa India walitiwa kila saa wakiwa macho kwa wiki ya kwanza, kisha kila saa mbili mpaka wiki tatu ziishe, na baada ya hapo daktari aliamua. Kwa kawaida tiba hufika wiki sita au kuzidi. Kwa hiyo wiki ya tatu uko katikati ya mto, mwanangu. Hapo si mahali pa kugeuza mtumbwi, wala ratiba asikupangie mtu mwingine ila daktari aliyeliona jicho.

Utajuaje kama mnakwenda mbele? Usipime kwa kuona, kwa sababu kuona hurudi mwisho, tena kama kutarudi. Tazama kando za doa: zile zilizokuwa kama manyoya zinapaswa kuanza kuwa butu, zenye mpaka. Vidoa vidogo vilivyozunguka lile kubwa vinapaswa kufifia. Kama kulikuwa na usaha umetuama chini ya mboni, kama maziwa ndani ya kikombe, kimo chake kishuke. Maumivu ya usiku yapungue. Daktari naye ataweka rangi ya njano na kumulika kwa taa ya buluu ili apime sehemu isiyo na ngozi. Mwombe akuambie kipimo hicho kwa milimita, ukiandike. Mwanamke anayeandika namba kwenye daftari hasumbuliwi sana na maneno ya shemeji.

Kuna dalili ambazo hazingoji miadi. Jicho likitoa ghafla maji ya uvuguvugu mengi. Maumivu makali yakikoma kwa mara moja bila sababu. Kitone cheusi kikitokea katikati ya weupe. Jicho likionekana limebonyea. Hizo ni dalili kwamba kioo kimetoboka au kinakaribia. Usilibonyeze, usilifunge kitambaa cha kubana, usiweke mafuta yoyote. Lifunike kwa kifuniko kigumu kisicholigusa, kama kikombe cha plastiki kilichokatwa, mkaondoke siku hiyohiyo hata kama ni kwa bodaboda usiku.

Siku ambazo hakuna hatari hiyo, kuna utaratibu wa kutia tone, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona dawa nzuri ikimwagika shavuni. Nawa mikono. Tikisa kichupa. Vuta kope ya chini iwe kama mfuko mdogo, dondosha tone moja, moja tu, kwa kuwa mfuko huo haubebi la pili. Ncha ya kichupa isiguse kope. Afumbe taratibu bila kukaza, umbonyeze kidogo kwa kidole kwenye kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja. Kama kuna tone la aina nyingine, subiri dakika tano au kumi, la sivyo la pili litalifagia la kwanza. Yule daktari huenda aliwapa na matone ya kupanua mboni. Hayo yanapunguza maumivu lakini yanafanya mwanga uumize na herufi zififie, msiogope. Kichupa kikae kivulini mbali na jiko, na kikishafunguliwa mwezi mmoja, kitupwe hata kama kina salio. Hili la salio wewe tayari unajua lilikokufikisha.

Nilikuwa na mgonjwa mzee, mjukuu wake wa kike alikuwa darasa la tano. Kila tone alichora mstari kwa mkaa kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda. Babu alipotaka kukataa, mtoto alimwonesha boksi: babu, leo tuna kumi na mbili. Basi mpe mtoto wako mkubwa kazi hiyo. Mume aliyechoka kusikilizana na mkewe mara nyingi humsikiliza binti yake.

Ikitokea jicho limegoma kabisa, njia bado zipo, na ni vizuri uzijue ili shemeji asikutishe. Daktari anaweza kukwangua tena, akaongeza matone ya vorikonazoli au ya amfoterisini, akachoma dawa kwa sindano nyembamba ndani ya kioo chenyewe kuzunguka kidonda. Anaweza kulifunika doa kwa utando wa jicho lenyewe ili lishone. Na ndiyo, kioo kinaweza kubadilishwa kwa kioo cha mtu aliyefariki. Lakini wakati fangasi bado wako hai, upandikizaji ni wa kuokoa jicho zima lisipotee, na fangasi huweza kurudi kwenye kioo kipya. Kioo cha kuonea hupandikizwa jicho likishatulia, na vioo vya kupandikiza ni adimu. Kwa hiyo msiuze shamba leo. Jicho la kutolewa nalo ni lile lililoharibika lote ndani. Jicho linalotibiwa wiki ya tatu halijafika huko.

Lazima niseme na upande wa pili, ili siku moja usiseme Bibi alinificha. Huenda mume wako asione tena kwa jicho hilo kama zamani. Kidonda kikipona huacha kovu, na kovu likikaa katikati ya kioo huziba njia ya mwanga. Mbarara, Uganda, watafiti walifuatilia wagonjwa 313 wenye vidonda vya kioo cha jicho. Zaidi ya nusu walikuwa na fangasi. Nusu ya wagonjwa walifika hospitali siku 17 au zaidi tangu waanze kuugua, na wengi walikuwa wameshaweka dawa za kienyeji. Baada ya miezi mitatu, karibu watu 3 kati ya kila 10 hawakuwa wakiona kwa jicho lile, na 9 kati ya kila 100 walikuwa wamelipoteza jicho lenyewe. Naandika namba hizi kwa sababu upande wa pili wake ni kwamba walio wengi hawakuishia hapo, na mnachokipigania kila saa kwa lile tone ni kuwa upande huo.

Kutoka huko huko Mbarara na kwingineko inajulikana kwamba kisukari na VVU huwafanya watu waumwe zaidi vidonda hivi. Mkienda hospitali ombeni apimwe vyote viwili. Kisukari kisichojulikana kinaweza kuwa ndicho kinachomchelewesha kupona, na ni kipimo cha kuchoma kidole tu.

Kuhusu watoto, lala salama. Fangasi wa kioo cha jicho hawaruki kama macho mekundu yale ya 2024. Watoto walale na baba yao. Taulo na kichupa tu visitumiwe na mtu mwingine, na mume wako anapopona apate miwani ya kazi ya plastiki kabla ya kushika panga la miwa tena. Lile jicho lake jingine linahitaji kulindwa sasa kuliko zamani.

Pesa: kila hospitali kubwa ya serikali ina afisa ustawi wa jamii. Nendeni kwake kabla ya kununua chupa ya tatu, mweleze kwamba ni mkulima, mmeuza mbuzi, na dawa ni ya wiki nyingi. Kazi yake ni kusikiliza hayo na kuangalia msamaha unaowezekana. Watu wetu wanapita mlango huo wakidhani ni wa kesi za ndoa.

Amebaki mama mkwe, na huyu sitaki umshinde kwa ubishi. Anayetaka kwenda ng'ambo ya mto ni mama anayeona mwanawe anaharibikiwa. Maji ya majani na maziwa ya mzazi yakidondoshwa kwenye kidonda kilichofunguka yanaingiza vijidudu vipya, na yanaifagia dawa. Lakini ukimwambia hivyo kwa ukali, Jumamosi atakwenda kuyaleta mwenyewe mkiwa mmelala. Mtangulie. Ijumaa jioni mkalishe, mwambie, "Mama, daktari amesema jicho hili linataka mtu wa kushika taa wakati natia dawa, mikono yangu inatetemeka." Mwambie na kwamba mganga akitaka kuomba dua, aombe, aweke mkono kichwani, mradi jichoni kisidondoke kitu. Bibi wa zamani yule ana macho makali kuliko wewe; siku kando za doa zitakapoanza kuwa butu, atakuwa wa kwanza kuziona.

Kesho kabla ya vitafunwa weka vitu vitatu kwenye mfuko mmoja: kadi ya kliniki, chupa ya natamaisini na boksi la kile kichupa cha zamani. Kama miadi ni mbali zaidi ya wiki moja, usiingoje. Msalimie mama mkwe, na taa aishike yeye.